Osuga ya Mama Mkwe

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya kwanza ya likizo yangu. Wiki mbili. Niko kwenye stuli yangu nyuma ya nyumba tangu tutoke kanisani. Mvua ilinyesha alfajiri, na sasa ukungu umelala juu ya mbuga. Vilima vya Ngong vinaonekana na kupotea, vinaonekana na kupotea. Kuna punda milia watatu upande ule wa waya. Hawali, hawatembei. Wamesimama tu, wanafikiria mambo yao. Nawaelewa.

Mbele yangu kuna mistari minne ya osuga niliyopanda kwa mikono yangu. Majirani wengine huiita managu, na Waswahili mnavu. Nikifumba macho kidogo naiona imefika mabegani, nami napita katikati yake na shati jeupe, polepole, na watu wamesimama barabarani wananitazama.

Nilipofumbua macho, mstari wa kwanza ulikuwa umepungua majani. Au labda nilihesabu vibaya.

Mke wangu Wilkister amenipa habari mbili tukila. Ya kwanza, mama yake anakuja Jumamosi kutoka Siaya. Ya pili, Gideon fundi anakuja Jumatatu ya baada ya hapo kujenga banda la kuku. Nikauliza wapi. Akasema, pale palipo na stuli yako. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe Gideon ameshapiga vigingi vinne na kuzungushia shamba langu kamba ya manila, na mimi wiki nzima nilidhani ni kamba ya nguo imelegea.

Nimebembeleza mpaka sauti ikakauka. Mwishowe tumeelewana hivi: mama akila osuga ya shamba hili na kuisifu kwa kinywa chake mwenyewe, vigingi vitang'olewa. Asipoisifu, kuku wanaingia. Wilkister alisema hayo akikunja nguo, bila kuniangalia. Akikunja nguo hivyo ujue ameshakata shauri.

Na mama mkwe si mtu wa kusifu ovyo. Jina lake silitaji hata hapa, heshima ni heshima. Alipokuja mwaka juzi tulinunua osuga sokoni. Kwetu mimi na yeye hatuli meza moja, kwa hiyo alikuwa sebuleni, mimi verandani na sahani yangu, pazia katikati. Nilisikia kila kitu. Alisema majani haya hayana uchungu hata kidogo, yamekuzwa na mtu asiyejua anachotaka. Akauliza kwani mkwe wake hawezi kupanda yake. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba mtu aliyepewa jina la nzige atapanda nini. Ni kweli naitwa Obonyo, na Obonyo ni mtoto wa msimu wa nzige. Sikujichagulia.

Safari hii ataonja uchungu mpaka atikise kichwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mstari wa kwanza umekwisha. Vijiti vitupu.

Sijahitaji kufikiri sana. Sungura wa Githongo. Githongo ni jirani wa upande wa kulia, mstaafu, gumbuti zake hazijawahi kushika tope. Spinachi yake imejipanga kama watoto kwenye gwaride. Anafuga sungura wanne, na mmoja wao aliniangalia jana jioni kupitia ua. Si mtazamo wa mnyama asiye na hatia.

Nilimwita uani nikamweleza. Nilitumia neno wezi. Githongo akasema sungura wake wako kwenye kibanda chenye kufuli. Nikamwambia kufuli hufunguka. Akasema amekaa Kitengela miaka kumi na mmoja na hakuna mtu amewahi kutukana sungura zake. Mkewe, Wahu, alikuwa anaanika blanketi na akageuka ili nisimwone akicheka. Nilimwona.

Nimeamua kulinda mchana kutwa, nikiwa kwenye stuli bila kupepesa jicho. Saa nne mpaka saa kumi. Vipepeo weupe walikuwa wanapita, wengi mno, wote wakielekea upande mmoja. Nikawafuata kwa macho. Nilifikiri wanakwenda wapi, na kama huko wana wakwe. Sijui ni saa ngapi nilirudi.

Mstari wa pili umeanza kuliwa.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango mpya. Pilipili kali, jivu, sabuni ya kufulia. Nimechemsha katika sufuria ya Wilkister, nikasahau kumuuliza. Nikatia kwenye ile chupa yake ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi. Hilo pia sikumuuliza.

Upepo wa huku hauna adabu. Ulikuwa umetulia kabisa mpaka nilipobonyeza.

Niliosha macho kwenye mfereji wa tangi kwa nusu saa. Nikiwa pale na macho yamefungwa, maji yakinimwagikia, nikajiona niko mtoni nyumbani, mdogo, na bibi yangu anachuma osuga ng'ambo, anaimba kitu ambacho sikumbuki maneno yake. Ilikuwa raha. Ningekaa zaidi.

Niliporudi, mstari wa pili wote umekwenda. Mchana mweupe! Na mnyama huyo amekula pilipili, jivu na sabuni pamoja nayo, hakubakisha hata jani la kulalamikia.

Wilkister amepiga pasi blauzi yake ya kazini kwa kutumia ile chupa. Sitaandika yaliyofuata.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeamka na jibu lote kichwani. Ochok!

Kila mtoto wa kwetu anaijua ochok. Ule mti mdogo wa miiba wenye vitunda vya njano vya mviringo. Wengine wanaita tunguja. Mbuzi akiuona anapinda njia. Nikizungushia osuga yangu ochok, hakuna mnyama mwenye akili atakayevuka.

Mbuga imejaa ochok. Nilikwenda na glavu za Wilkister za kutolea keki kwenye oveni. Nikakutana na Leshan, ambaye boma lake liko ng'ambo ya korongo, anachunga mbuzi zake. Akanisalimu supa, nikaitikia ipa. Akauliza mtu mwenye kazi ya ofisi anafanya nini na entulelei, maana Wamaasai huiita hivyo. Nikamwambia ni siri ya kilimo. Akasema nichunge sana. Ndama wake alikula vitunda hivyo mwaka jana, akayumba siku mbili kama mlevi, nusura afe. Watoto wao wanakatazwa hata kuvichezea.

Nilifurahi. Ndama mzima! Nikang'oa miti ishirini na mitatu.

Kufikia saa tisa pete ilikuwa imekamilika. Nikakaa. Jua lilitoka kidogo, na vile vitunda vya njano vikang'aa kuzunguka osuga iliyobaki. Nikajiona mimi ni mfalme mdogo, na ile ni taji, imelazwa chini ili kichwa kipumzike.

Ndipo nikamwona mwizi.

Alitokea kwenye mtaro chini ya ua. Kobe. Mkubwa kama karai la kufulia. Gamba lake lilikuwa na maji ya mvua na lilimeta. Alitembea kutoka uani mpaka kwenye pete kwa muda wa nusu saa, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Wilkister atauliza kwa nini sikumzuia. Sijui nitamjibu nini. Alikuwa anapendeza. Sijawahi kuona mtu asiye na haraka namna ile, hata mimi.

Basi yote yale nimeibiwa na huyu. Mimi nikiwa hapa, macho wazi.

Alifika kwenye ochok. Nikashika magoti. Akanusa. Akafungua kinywa, akala kitunda. Akala kingine. Akala na majani, miiba yote. Alipomaliza miti sita akapita katikati na kuingia kwenye osuga.

Nikafikiria yule ndama. Nikajiambia, sasa atakufa, na shamba limepona. Lakini sikujisikia nilivyodhani nitajisikia.

Alhamisi, 13 Novemba

Amekufa. Nilimkuta asubuhi kando ya kigingi, mstari wa tatu umekwisha, kichwa na miguu vimerudi ndani. Nimemgonga gamba, kimya.

Moyo umeniuma, sitadanganya. Nimeua mnyama ambaye kosa lake ni kupenda mboga. Nilichimba kaburi karibu na stuli. Ilinichukua asubuhi yote, ardhi ya huku ni nyeusi na inanata kwenye jembe. Nikavua kofia. Nikasema maneno machache, kwamba alikuwa mpole, kwamba hakuwahi kukimbilia kitu, kwamba tulifanana.

Leshan akapita na mbuzi zake, akasimama uani, akauliza nazika nani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Akasema kobe huyo ameshiba tu, amelala. Kobe wanakula vitu ambavyo vingelaza fahali chini, na entulelei kwao ni peremende. Akasema mimi sikuzungushia shamba ua, nimewaandalia karamu, na harufu imeshafika korongoni. Akanyoosha fimbo nyuma yangu. Kulikuwa na wa pili.

Marehemu akatoa kichwa, akanitazama, akaanza kutembea kuelekea osuga.

Nilifurahi kiasi kwamba nilimwacha amalize mstari wa nne.

Halafu nikakumbuka Jumamosi. Osuga ya mama haipikwi siku moja. Inachemshwa, inatiwa maziwa, inalala, inatiwa maziwa tena, mpaka siku ya tatu ndiyo inakuwa chakula cha kuwekea mgeni. Wilkister alikuwa anataka majani leo saa kumi. Saa nane nilikuwa na vijiti.

Nikaenda kwa Githongo.

Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Akasema mkewe ana managu ya kutosha nyuma ya nyumba, na jirani ni jirani. Ila kuna jambo moja. Akanipeleka kwenye kibanda cha sungura. Akasema niwaombe msamaha. Nilidhani anatania. Githongo hatanii. Akanitajia mmoja mmoja kwa jina, na mimi, mtu mzima, baba ya Melvin ambaye yuko kidato cha tatu, nikasema pole mara nne. Yule aliyeniangalia siku ile alinigeuzia mgongo.

Wahu akanikatia beseni zima. Majani mapana kama kiganja. Akaniambia kwa fahari kwamba ni mbegu mpya, haina uchungu kabisa, hata watoto wanaila wakimaliza sahani. Nilitaka kumrudishia beseni. Lakini saa ilikuwa imefika.

Wilkister aliona beseni, akaenda nyuma akaona vijiti vimesimama vitupu, akaamini nimevuna shamba lote. Akasema hata yeye hakutegemea. Akaniwekea mkono begani, akauacha hapo. Ni muda mrefu hajafanya hivyo. Nilijisikia vibaya sana. Baadaye nikajisikia vizuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeonja kwenye sufuria Wilkister alipokwenda kazini. Tamu. Laini. Hakuna uchungu hata wa kutafuta. Mama atajua kwa tonge la kwanza. Atasema yale yale ya mtu asiyejua anachotaka, na mimi najua ninachotaka. Nataka stuli yangu ibaki hapa, na ukungu asubuhi, na hawa punda milia. Sina mahali pengine duniani ambapo hakuna mtu ananiuliza nafikiria nini.

Nimekaa siku nzima. Leo mawingu yalikuwa chini sana, yanapita juu ya mabati ya Githongo, na ndani ya mawingu nikaona sufuria, na juu ya sufuria mkono wangu ukikamua kitu cha njano.

Bila shaka! Kinachokosekana ni uchungu. Na ni nini duniani kina uchungu kuliko ochok?

Nimepima jambo hili pande zote. Ndama wa Leshan alikula vingi, mbichi, bila ugali. Mimi nitatia kimoja tu, na maziwa yapo. Zaidi ya hayo kobe na yule wa pili, ambaye ameshaondoka, wamekula miti ishirini na miwili na wana afya kunishinda. Umebaki mti mmoja, karibu na kigingi cha Gideon, na juu yake kitunda kimoja kilichoiva vizuri. Kesho Wilkister akienda steji kumpokea mama, nitakamua.

Nimelala mchana kidogo kwa amani kubwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Wilkister alitoka saa nne. Nikanawa mikono. Nikachukua kisu, kisosi na kichujio cha chai. Nikafunua sufuria ili mvuke utoke. Nikaenda nyuma.

Kobe alikuwa pale. Mti haukuwapo. Kitunda kilikuwa kinywani mwake, nusu nje, maji ya njano yakimtiririka kidevuni.

Nikakishika. Nikavuta. Akavuta. Kisha akarudisha kichwa ndani, na kitunda changu nacho. Nikagonga gamba. Nikambembeleza. Nikamwambia waziwazi kwamba baada ya yote niliyomfanyia, hadi kaburi, hii si shukrani. Ndani ya gamba nilisikia kutafuna, taratibu sana. Nikiwa nimepiga magoti hapo nikasikia geti.

Saa saba wakala. Mimi verandani na sahani yangu, pazia katikati.

Nikasikia maji ya kunawa. Nikasikia kifuniko. Mbuzi wa Leshan alilia mbali. Niliangalia vile vigingi vinne na kamba yake, nikajaribu kuzoea kuku.

Mama akaanza kusema. Alisema tangu Agosti ana vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza kitu chochote kichungu, na yeye hakutaka kumwambia mtu kwa simu ili watu wasianze kulia. Njia nzima kutoka Siaya alikuwa anaogopa osuga ya mkwe wake. Amebeba hata dawa kwenye mkoba kwa sababu yake. Na sasa amekula, na tumbo limetulia. Akasema ni osuga ya kwanza iliyomhurumia. Akasema aliyeikuza ana moyo, amejua bila kuambiwa. Akaomba iongezwe.

Nikamsikia Wilkister anavuta makamasi. Mimi nami machozi yalianguka kwenye ugali, ikabidi nimalize hivyo hivyo.

Baadaye mama alitoka kuona shamba. Mimi nilisimama mbali, kando ya tangi, macho chini, inavyostahili. Aliangalia vijiti. Aliangalia kobe amelala katikati, kidevu cha njano. Akamwambia Wilkister kwamba mahali pana utulivu hapa, hata mnyama wa porini amepachagua.

Wilkister aling'oa vigingi mwenyewe, vyote vinne. Akazungusha kamba mkononi, akaniangalia, akacheka.

Jumapili, 16 Novemba

Niko kwenye stuli. Ukungu. Punda milia wamekuwa wanne. Kobe yuko miguuni, analala.

Mama hatarudi Siaya upesi. Analala kwa Immaculate, mpwa wake, huko Noonkopir, na Jumamosi ijayo atakuja kula hapa tena. Ameitaka osuga ile ile. Kwa majani nitarudi kwa Wahu, ingawa asubuhi hii yule sungura ameniangalia tena na bado sijamwondoa kwenye orodha.

Nimekaa nikijiuliza nilikosea wapi. Kwa maana nilisifiwa, ndiyo, lakini nusu tu. Ingekuwa na uchungu angenisifu mara mbili. Kosa ni moja, kwamba nilipanda ochok chini, mahali kobe anafika.

Na huyu mama ni mgonjwa wa tumbo. Ochok ni dawa ya tumbo. Nilisikia mahali, nikiwa mdogo, au niliota, lakini nakumbuka vizuri kabisa.

Baada ya kanisa nimekwenda mbugani na zile glavu. Nimeleta miti sita, nimeipanda kwenye karai kuukuu, na karai nimelipandisha juu ya tangi la maji. Kobe amekaa chini akiangalia juu kwa muda mrefu. Safari hii hafiki.

Vitunda vitakuwa vimeiva kufikia Jumamosi. Sitamwambia mtu yeyote. Nataka Mama ashangae.